Duka la GetJar, Memori Kadi za Arua na Funguo za Google

Mwezi wa Agosti 2025 Google ilitangaza kanuni mpya ambayo huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ilipita karibu bila kusikika. Kuanzia Septemba 2026, katika Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, simu ya Android iliyoidhinishwa na Google haitakubali kuwekewa programu ambayo mtengenezaji wake hajajisajili kwa kampuni hiyo na kuthibitisha yeye ni nani. Hilo linahusu hata programu ambayo haikupitia Google Play: iliyotumwa kwa Bluetooth, iliyotolewa kwenye memori kadi, au iliyopakuliwa kutoka tovuti ya mtu binafsi. Kuanzia 2027 kanuni itaanza kuenea duniani kote. Watengenezaji programu walipopiga kelele, Novemba mwaka huohuo kampuni ilisema itaacha njia ya pembeni, ndefu na yenye maonyo, kwa mtumiaji mzoefu anayejua anachokifanya. Msingi wa kanuni haukuguswa. Atakayeamua nani anaruhusiwa kumpa mwenzake programu ni kampuni moja ya California.

Kwa mtu wa Kampala mwenye intaneti ya nyaya nyumbani, haya ni mambo ya mafundi. Kwa mtu wa Arua Hill, Oli au Koboko, yanagusa namna tulivyoishi na simu tangu mwanzo, kwa sababu huku programu imekuwa ikisafiri kwa mkono kuliko kwa duka. Nataka kuonyesha jambo moja tu. Duka la programu halifi kwa kukosa programu, wala kwa kukosa watu. Linakufa pale mwenye mfumo wa simu anapoushika mlango peke yake. Tumekwisha kuliona hilo mara moja, kwa duka ambalo kijana mwenye miaka ishirini leo hajawahi kulisikia.

Duka hilo ni GetJar. Lilianzishwa mwaka 2004 nchini Lithuania na kundi la waandishi wa programu wakiongozwa na Ilja Laurs. Miaka minne kamili kabla Apple haijafungua duka lake, Julai 2008, likiwa na programu zipatazo 500, GetJar ilikuwa tayari ikigawa programu kwa simu za kila aina. Haikuwa ya kwanza kabisa. Handango ya Marekani iliuza programu za kompyuta za mkononi tangu 1999, lakini iliuza kwa kadi ya benki, kwa watu wa ofisini. GetJar ilikuja kwa lengo jingine na haikukusudia hata kuwa duka. Watengenezaji wa michezo ya simu walihitaji watu wa kuijaribu kazi yao katika simu nyingi, nao hawakuwa na fedha za kuzinunua simu hizo zote. Wakaweka michezo yao mtandaoni ili wenye simu waijaribu na kuwaambia kasoro. Wenye simu wakaja kwa wingi, wakachukua michezo na kwenda zao. Waliokusudiwa kuwa wajaribuji wakageuka wateja.

Tatizo lililoizaa GetJar linastahili kuelezwa vizuri, kwani ndilo lililolibeba duka na ndilo lililokuja kulimaliza. Simu nyingi za wakati ule zilidai kwamba zinaendesha Java, jukwaa moja la programu. Kwa maandishi, programu moja ingefanya kazi kila mahali. Kwa vitendo kila kampuni ilikuwa na Java yake. Kulikuwa na vioo vya nukta 128 kwa 128, 128 kwa 160, 176 kwa 220, 240 kwa 320. Simu nyingine ilikataa faili lililozidi KB 64. Hata vile vitufe viwili vya chini ya kioo, cha kushoto na cha kulia, vilitoa namba moja kwenye Nokia, nyingine kwenye Siemens, na nyingine kwenye Motorola, hivyo mchezo ulioandikwa kwa Nokia ungeweza kufunguka vizuri kwenye Motorola kisha ukakataa kufungika. Mtengenezaji aliyetaka kumfikia kila mtu alilazimika kutoa mchezo mmoja kwa matoleo makumi, na kila toleo liandikiwe simu zake.

GetJar iliubeba mzigo huo kwa niaba ya mwenye simu. Ulipofungua ukurasa wake kwa kivinjari cha simu, seva yao ilitambua ni simu gani inayoita, ikakuletea toleo linaloifaa na kuficha mengine yote. Aliyekuwa kwenye kompyuta alichagua programu, akapewa namba fupi, akaiandika kwenye simu yake na kupata faili lake. Hakukuwa na akaunti ya kufungua, kadi ya benki ya kuonyesha wala nchi ya kutaja. Mwenye simu hakulipa kitu. Waliolipa ni watengenezaji waliotaka programu zao zionekane juu ya orodha, kwa kushindana bei.

Nasisitiza hayo matatu, yaani akaunti, kadi na nchi, kwa sababu ndiyo yaliyoifanya GetJar ifae mahali kama Koboko kuliko duka lolote lililofuata. Koboko iko ambapo Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinakutana, pale Salia Musala. Mfanyabiashara wa huko ana laini ya Uganda, ana ya Kongo kwa ajili ya Ariwara, na ana ya Sudan Kusini kwa ajili ya Kaya na Yei. Duka linalotaka kujua wewe ni wa nchi gani kabla ya kukuhudumia linamuuliza mtu huyo swali lisilo na jibu moja. Duka linalotaka kadi ya benki linamfungia nje kabisa, kwa kuwa fedha zake zilihamia kwenye simu, si benki. MTN ilianzisha Mobile Money Uganda mwezi Machi 2009, na huku ndiyo iliyokuwa benki ya kwanza kwa watu wengi.

Lakini tusijidanganye kwamba watu wote wa West Nile walikuwa wateja wa GetJar. Wengi walikuwa na katochi. Nokia 1100 ya mwaka 2003, Nokia 1200 iliyokuja 2007 na Nokia 1280 ya 2010 hazikuwa na Java hata kidogo. Zilikuwa na tochi, zilikaa na chaji siku kadhaa, na hilo ndilo lililohitajika katika mkoa ambao kwa miaka mingi ulikuwa nje ya gridi ya taifa. Umeme wa Arua ulitoka kwenye jenereta za kampuni ya umeme ya WENRECo, kisha kuanzia 2012 ukaongezewa na mtambo mdogo wa maji wa Nyagak, Zombo, wenye MW 3.5. Simu isiyo na chaji haipakui programu. Ndiyo maana mradi wa AppLab, uliozinduliwa Uganda mwezi Juni 2009 na Grameen Foundation pamoja na Google na MTN, haukugusa Java. Ushauri wa kilimo, ushauri wa afya na soko la kuuza na kununua, vyote vilipita katika ujumbe mfupi wa maandishi. Ulikuwa uamuzi wa busara. Walioufanya waliangalia simu iliyo mfukoni mwa mkulima, wakaiacha ile iliyokuwa kwenye maonyesho.

Java ilifika huku kwa kundi la pili, la vijana, walimu, askari, wafanyakazi wa mashirika na wachuuzi wa mpakani. Walikuja na Nokia 2700, 2690, 5130, baadaye C2-00 yenye laini mbili, pamoja na simu nyingi za Kichina. Simu hizo zilikuwa na kitu kimoja kilichobadilisha kila kitu: tundu la memori kadi.

Hapo ndipo duka halisi la Arua lilipozaliwa, na halikuwa na jina. Lilikuwa kibanda chenye kompyuta moja, kisomeo cha kadi, nyaya za chaji zilizosokotana na bango lililoandikwa kwa mkono kwamba hapa tunaweka nyimbo, filamu na michezo. Kijana wa kibandani alikuwa na folda ya muziki wa Kinshasa, folda ya Kampala, folda ya Juba, na karibu nazo folda ya programu za Java: Opera Mini, michezo ya mpira na magari, kamusi, Biblia, Kurani, programu za kuchati. Ulimpa kadi na fedha kidogo, ukarudi baada ya kunywa chai. Programu hizo alizipata wapi? Nyingine kutoka GetJar, nyingine Waptrick na tovuti za aina hiyo ambazo hazikujali haki za mtengenezaji, nyingine kwenye flashi iliyopanda basi la usiku kutoka Kampala, karibu kilomita 500, ikavuka Nile pale Karuma na Pakwach pamoja na shehena ya sabuni. Faili la Opera Mini lilikuwa na KB mia chache tu. Lilipita kwa Bluetooth kutoka simu hadi simu kabla hujamaliza kusalimiana.

Mchambuzi anayesoma takwimu za maduka ya kimataifa haoni lolote kati ya haya. GetJar ilihesabu upakuaji mmoja. Nakala iliyotoka hapo ikaingia kibandani, ikaenda Koboko sokoni, ikavuka mpaka ndani ya kadi ya dereva wa lori na kuishia Yei, haikuingia katika hesabu ya mtu. Ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema kwamba West Nile ilichelewa kuingia katika zama za programu. Iliingia mapema, kwa gharama ndogo, na bila kuonekana.

Wakati huohuo makampuni makubwa yaliamka. Nokia ilifungua duka lake la Ovi tarehe 26 Mei 2009, na siku ya kwanza seva zilielemewa. Duka hilo lilikuwa na nguvu ambayo GetJar haikuwa nayo, kwani lilikaa ndani ya simu yenyewe, kwenye menyu, mahali kidole kinapofika bila kutafuta. Nokia pia ilijaribu kwa moyo kulikuza soko letu. Mwaka 2010 iliipa kampuni ya Virtual City ya Nairobi dola milioni moja katika shindano lake la kutafuta wabunifu wa nchi zinazoinukia. Kwa muda ilionekana kama mtengenezaji wa Afrika Mashariki angeweza kuandika programu kwa ajili ya Series 40, mfumo wa simu za kawaida za Nokia, na kuuza kwa mamilioni, kwa kuwa simu zenyewe zilikuwapo kweli. Kufikia Januari 2012 Nokia ilisema imekwisha kuuza simu bilioni moja na nusu za Series 40. Hakuna mfumo mwingine wa wakati ule uliofika katika mikono mingi hivyo ya watu wa kipato cha kawaida.

GetJar nayo ilikuwa ikipaa. Accel Partners iliwekeza mwaka 2007. Kufikia 2010 duka lilikuwa likihesabu upakuaji wa bilioni moja. Mwaka 2011 Tiger Global iliongoza uwekezaji wa dola milioni 25. Mwaka huo pia mawakili wa Apple waliitaka kampuni iache kujiita duka la programu kwa neno ambalo Apple ililidai kuwa lake, na GetJar ikakataa hadharani. Facebook ilipotoa toleo lake la simu za kawaida mwezi Julai 2011, toleo lililofanya kazi katika simu za aina zaidi ya 2,500, ililitoa kupitia GetJar miongoni mwa njia nyingine. Miaka miwili baadaye toleo hilo lilikuwa na watumiaji milioni mia moja. Wengi wa watu hao hawakuwahi kugusa kompyuta.

Lakini siku ya fahari kuu ya GetJar ndiyo inayoonyesha ufa. Oktoba 2010 kampuni ya Rovio iliutoa mchezo wa Angry Birds kwa simu za Android, na ikauweka GetJar kwanza. Siku ya kwanza watu zaidi ya milioni moja waliupakua, seva zikazidiwa. Magazeti ya teknolojia yaliusifu ushindi huo. Mimi nauona tofauti. Mchezo uliolipa duka umaarufu haukuwa wa Java. Ulikuwa wa Android, mfumo ambao tangu Oktoba 2008 ulikuja na duka lake mwenyewe limekaa ndani ya simu, na baada ya siku chache Angry Birds ilipatikana hukohuko. Mteja wa Android hakuwa na sababu ya kwenda GetJar mara ya pili.

Utambuzi wa simu kwa kila aina, ule ujuzi uliokuwa roho ya GetJar, haukuwa na thamani tena mahali ambapo faili moja liliingia karibu kila simu. Uhuru wa kutokuwa na akaunti haukuonekana kuwa na faida kwa mtu ambaye simu yake mpya ilimlazimisha kufungua akaunti ya Google siku ya kwanza. Na ili kuweka programu kutoka GetJar kwenye Android, ilikupasa uingie kwenye mipangilio, uwashe ruhusa ya vyanzo visivyojulikana, na usome onyo la kutisha. Duka la Google halikuwa na onyo. Mwaka 2011 GetJar ilijaribu kuwapa watu bure programu za kulipia, yenyewe ikiwalipa watengenezaji kutokana na matangazo. Ilikuwa mbinu nzuri, ila haikugusa tatizo. Februari 2014 kampuni ilinunuliwa na Sungy Mobile ya China, na habari zake zikaishia hapo kwa watu wengi.

Kuna wanaosema soko liliamua. Ninapinga. Mwezi Julai 2018 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya yuro bilioni 4.34, na mojawapo ya makosa iliyoyataja ni kuwalazimisha watengenezaji wa simu kupachika programu zake za kutafutia na kuvinjari kama sharti la kupewa duka la Play. Mahakama ya Ulaya iliipunguza faini hiyo kidogo mwaka 2022, ila kosa ikalithibitisha. Desemba 2023 baraza la wazee wa mahakama huko San Francisco, katika kesi iliyofunguliwa na Epic Games, liliona kwamba Google ilijijengea ukiritimba kinyume cha sheria katika usambazaji wa programu za Android. Hayo hayathibitishi kwamba GetJar ingeishi milele. Yanathibitisha kwamba uwanja haukuwa sawa.

Ovi ilikufa kwa njia nyingine, kutoka ndani. Februari 2011 mkuu mpya wa Nokia, Stephen Elop, aliachana na mfumo wa Symbian na kuihamishia kampuni kwenye Windows Phone ya Microsoft. Mei mwaka huo jina la Ovi likaanza kufutwa. Kuanzia Januari 2014 watengenezaji hawakuruhusiwa tena kuweka programu mpya za Symbian wala kurekebisha za zamani. Aprili 2014 Microsoft ilikamilisha kuinunua biashara ya simu, na Novemba ikatangaza kwamba duka la Nokia litafungwa na wateja wake kuhamishiwa duka la Opera. Simu zenyewe hazikuwa zimeharibika. Zilikuwa zikiita, zikipiga muziki, zikiwasha tochi. Kilichokufa kilikuwa mahali pa kupata kitu kipya. Pigo la mwisho kwa watu wa huku lilikuwa WhatsApp, iliyoacha kuhudumia Series 40 mwisho wa Desemba 2018. Siku hiyo simu nzima iliyonunuliwa kwa jasho ilipoteza sababu kubwa ya kubaki mfukoni.

Na bado tulirudia. Simu za KaiOS zilikuja kama jibu kwa mtu asiyemudu simu janja, na MTN ikauza yake kwa takriban dola 20. Zilikuwa na duka lao, zikapata WhatsApp mwaka 2019. Juni 2024 WhatsApp ikaondolewa kwenye duka hilo, na mwanzoni mwa 2025 ikaacha kufanya kazi hata kwa waliokuwa nayo. Hadithi ni ileile: mtu wa kipato kidogo anauziwa mlango, kisha mlango unafungwa na mtu ambaye hatakutana naye kamwe.

Waliopata hasara kubwa zaidi ni wabunifu wetu wenyewe, na kwa hili nasikitika kweli. Wanafunzi wa Makerere walioandika WinSenga mwaka 2012, kifaa cha kusikiliza mapigo ya moyo ya mtoto tumboni, waliiandika kwa Windows Phone, kwa kuwa waliingia nayo kwenye mashindano ya Imagine Cup ya Microsoft. Wenzao wa Matibabu, kipimo cha malaria bila kutoa damu, walifuata njia hiyohiyo mwaka 2013 na kutunukiwa. Microsoft iliacha kuisaidia Windows Phone 8.1 Julai 2017, na duka lake likafungwa Desemba 2019. Matibabu ilinusurika kwa sababu wazo lake lilikaa kwenye kifaa, si kwenye duka, na mwaka 2018 Brian Gitta, mmoja wa walioibuni, akawa Mganda wa kwanza kushinda tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering. Wangapi wengine walitumia miaka ya ujana wao kujifunza mfumo uliochaguliwa na mfadhili, ukazimwa na mfadhili huyohuyo?

Sasa turudi Arua ya leo. Katochi bado zipo. Lakini kwenye vibanda vya Avenue Road na Adumi Road meza zimejaa itel, Tecno na Infinix, simu za kampuni ya Transsion, zenye Google Play na kando yake Palm Store ya kampuni yenyewe. Programu hazina tena KB mia chache. Nyingi zina MB makumi, na data inatozwa kodi: kwanza ilikuwa shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii, kuanzia Julai 2018, kisha asilimia 12 juu ya kila MB tangu Julai 2021. Mtu mwenye MB chache za siku hatazitumia kupakua tena programu ambayo jirani yake anayo. Anaomba atumiwe. Xender na SHAREit zimechukua nafasi ya Bluetooth, na faili la APK la Android limechukua nafasi ya JAR la Java. Kibanda kipo palepale, na njia ya mkono haikuisha hata pale maduka mawili makubwa ya zamani yalipokufa.

Njia hiyo ilipimwa vikali Januari 2021. Siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, mitandao ya kijamii ilizimwa Uganda, na Google Play na duka la Apple vikazimwa pamoja nayo ili watu wasipakue VPN. Kisha intaneti yote ikakatwa kwa siku kadhaa. Katika saa zile, watu waliokuwa na faili la VPN kwenye simu walilituma kwa wenzao mkono kwa mkono. Msimamo wako juu ya uchaguzi ule uwe upi, jambo moja ni wazi. Siku duka rasmi linapofungwa kwa amri, njia pekee inayobaki ni ile inayokwenda kubanwa na kanuni mpya ya Google.

Google inasema inataka kuwalinda watu na programu za wizi, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Programu bandia za kukopa na za kuiba namba za siri za fedha za simu zipo, na watu wameumizwa nazo. Ila madhara hayaji kwa mlango wa pembeni peke yake. Agosti 2020 watafiti wa usalama walitangaza kwamba simu za Tecno W2 zilizouzwa katika nchi kadhaa za Afrika zilikuja na virusi vya Triada na xHelper ndani yake, tangu zikiwa kwenye boksi, vikila data na kuwasajili watu kwenye huduma za kulipia bila ridhaa yao. Hapo hakuna kijana wa kibandani wa kulaumiwa. Na Play yenyewe imewahi kuondoa programu nyingi za mikopo zilizowanyanyasa watu, baada ya kuwa zimekaa dukani humo muda wa kutosha kuwaumiza. Kumsajili mtengenezaji kunaweza kusaidia kumkamata mwizi. Hakuhitaji kumkabidhi msajili mmoja wa kigeni, ambaye hajibu mbele ya bunge lolote la Afrika Mashariki, mamlaka ya kuzima programu katika simu niliyoinunua mimi.

Tena usajili una gharama yake. Akaunti ya kawaida ya mtengenezaji ni dola 25 na vitambulisho vinavyokubalika. Google imeahidi akaunti ya bure yenye mipaka kwa wanafunzi na wapenzi wa kazi hiyo. Mipaka hiyo ni idadi ya simu. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Muni anayeandika kamusi ya Kilugbara, au programu ya bei za soko kwa Kikakwa, atalazimika kuchagua kati ya kubaki mdogo na kuomba kibali. Mkimbizi wa Sudan Kusini aliyeko Rhino Camp, mwenye kipaji na asiye na pasipoti, atawasilisha kitambulisho gani?

Kwa hiyo naomba mambo yafuatayo kwa watu wenye uwezo wa kuyafanya. Tume ya Mawasiliano, UCC, iitake Google itoe maelezo ya maandishi kuhusu jinsi kanuni hii itakavyotumika Uganda, vitambulisho gani vitakubaliwa, na mtengenezaji aliyekataliwa atakata rufaa wapi, na iyapate kabla ya 2027. Uganda ina sheria ya ushindani tangu mwanzoni mwa 2024, na nchi zote tatu zinazokutana Salia Musala ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye mamlaka yake ya ushindani. Ulaya iliweza kuiuliza Google maswali. Nasi tuna chombo cha kuyauliza kwa pamoja.

Walimu wa kompyuta wa Muni na wa vyuo vya ufundi wa mkoa huu, msimfundishe mwanafunzi duka moja. Mfundisheni kuandika huduma inayofanya kazi kwenye kivinjari, kwenye USSD na kwenye ujumbe mfupi, ili katochi nayo ihesabiwe, na APK iwe nyongeza. Mashirika yanayohudumia kambi za wakimbizi na wakulima, wekeni nakala za programu zenu kwenye tovuti zenu, zikiwa na alama ya kuthibitisha kwamba faili halikuchezewa, na wapeni vijana wa vibanda nakala halali ili waache kugawa za kubahatisha.

Nawe msomaji uliyenunua simu kwa fedha yako, usingoje tangazo kwenye kioo. Fungua mipangilio leo, angalia kama simu yako bado inakuruhusu kuweka programu kutoka nje ya Play, na iwapo jibu litabadilika, mwandikie mbunge wako na UCC uwaeleze. Wakati wa kusema ni sasa, kabla ya 2027.